Busu Lilipita, Maelezo Yakazuiwa

Usiku umekwenda sana Berlin. Ndani ya gari la farasi wamekaa watu wawili waliovaa makoti meusi yenye mikia na shati zenye vifua vigumu. Wamelewa chakari. Wanaegemeana, wanabusiana mdomoni, wanacheka, wanabusiana tena. Aliye mkubwa, Dkt. Kersten, anaamini kabisa kwamba kijana aliye kifuani pake ni mwanamume.

Sisi tunaotazama tunajua ni msichana. Kersten hajui.

Hiyo ni filamu ya Ernst Lubitsch ya mwaka 1918, *Ich möchte kein Mann sein*, yaani "Nisingependa Kuwa Mwanamume". Ni kichekesho, wala hakifiki saa nzima. Mwaka uliofuata Richard Oswald akatoa *Anders als die Andern*, "Tofauti na Wengine", filamu nzito kuhusu mpiga fidla anayempenda mwanafunzi wake wa kiume. Katika sehemu zake zilizobaki, wanaume hao hawabusiani hata mara moja. Wanatazamana, wanashikana, wanatembea bustanini. Basi.

Ya kwanza iliachwa ichekeshe watu. Ya pili ilipigwa marufuku mwaka 1920.

Jambo hili limenikaa kichwani kwa wiki kadhaa na limekataa kutoka, maana linakwenda kinyume na tunavyowadhania wakaguzi wa filamu. Tunawadhania watu waliokaa gizani na mkasi, wakisubiri midomo ikutane. Hapa midomo ilikutana na mkasi haukusogea. Sasa walikuwa wanakata nini?

Uanaume kipande kwa kipande

Ossi, anayeigizwa na Ossi Oswalda, ni msichana wa nyumba ya kitajiri anayevuta sigara na kucheza karata na wafanyakazi. Mjomba wake na mwalimu wake wa nyumbani wanamkaripia, kisha wao wenyewe wanaonja kile kile walichomkataza. Mjomba anasafiri, na mlezi mpya, Kersten, anaingia nyumbani kwa ishara ya kiganja kilichoshushwa chini: nitakunyoosha mpaka uwe mdogo hivi.

Msichana anakwenda kushonesha suti ya kiume. Mafundi wanagombania kumpima. Mbele ya kioo tai inamshinda. Kwenye ukumbi wa dansi hakuna tena anayempisha; anasukumwa kama wanaume wote wanavyosukumana. Biri nene inamchefua.

Ukitazama kwa makini utaona Lubitsch anauunda uanaume mbele yetu: kipimo, kola, tai, kofia, namna ya kusimama, moshi. Kila kipande kinanunulika au kinafundishika, na kicheko kinakuja kila kipande kinapogoma. Usiku wa manane, vyote vikishakaa sawa, Kersten anavutiwa na "kijana" huyo akiwa vile vile alivyovaa. Makoti yao yanabadilishana, kila mmoja anapelekwa nyumbani kwa mwenzake, na filamu haimwadhibu Kersten kwa busu lile. Mwisho ni Ossi anayemrudishia ishara ya kiganja.

Mtu atasema: lakini yule ni mwanamke, kwa hiyo hakuna mwanamume aliyembusu mwanamume. Sawa. Utetezi huo ndio uliomlinda Lubitsch. Ila unafanya kazi kwa macho yetu tu. Ukikaa upande wa Kersten hauna nguvu yoyote.

Asta Nielsen, nyota wa Denmark aliyefanya kazi kubwa Ujerumani, aliugeuza mchezo huo uwe msiba. Katika *Hamlet* ya 1921, iliyotolewa na kampuni yake mwenyewe, mwana wa mfalme ni binti aliyelelewa kama mvulana ili kiti kisipotee. Anampenda Horatio na hawezi kusema. Horatio anaujua ukweli pale tu anapoupapasa mwili wa rafiki yake aliyekwisha kufa. Nayo ilipita. Vazi lilikuwa kibali.

Biashara iliyolishwa na sheria

*Anders als die Andern* haikuwa na vazi la kujifichia. Tangu dakika za mwanzo inataja kifungu cha sheria kwa namba yake.

Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya dola la Ujerumani kiliadhibu mapenzi ya kimwili kati ya wanaume. Wanawake hawakutajwa, jambo litakalokuwa na maana baadaye. Paul Körner, mpiga fidla anayeigizwa na Conrad Veidt, anasoma gazetini habari za watu waliojiua bila sababu inayojulikana. Yeye anaijua sababu. Mbele ya macho yake unapita msafara wa watu wa historia, Tchaikovsky, Leonardo da Vinci, Oscar Wilde, mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, na juu yao imening'inia namba ile ile.

Magnus Hirschfeld, daktari aliyekuwa akipigania kifungu hicho kifutwe, alishiriki kuandika filamu na akaigiza ndani yake kama daktari. Onyesho la kwanza kwa umma lilikuwa Berlin mwezi Mei 1919. Julai mwaka huo akafungua taasisi yake ya sayansi ya jinsia, pale pale Berlin. Muda uliruhusu: mapinduzi ya Novemba 1918 yalikuwa yameondoa ukaguzi wa dola, na hapakuwa na bodi ya kupelekewa mkanda kabla ya kuonyeshwa.

Sehemu ninayoona ni bora kuliko zote ni ile ya pesa. Franz Bollek, anayeigizwa na Reinhold Schünzel, anakutana na Körner kwenye dansi, anajifanya mpenzi, kisha anadai alipwe asije akatoboa siri. Hatua zinapangwa kama hesabu ya duka. Kwanza kiasi kidogo, kwa upole. Halafu kikubwa zaidi, kwa sababu aliyelipa mara moja amekwisha kukiri. Körner hawezi kwenda polisi, kwani kumshtaki Bollek ni kujishtaki mwenyewe. Akikataa kulipa, Bollek anavunja nyumba. Kijana Kurt anakimbia kwa aibu. Siku kesi inapofika mahakamani, Bollek anafungwa miaka mitatu kwa udhalimu wake, na Körner anapewa wiki moja.

Wiki moja! Hakimu amehurumia, na filamu inataka tuone kwamba huruma hiyo haina faida. Maonyesho ya muziki yanafutwa, wakala anajitoa, familia inamwonyesha mlango wa "heshima". Körner anakunywa sumu. Daktari anamzuia Kurt asimfuate na kumwambia aishi apigane. Mwisho kabisa mkono unashika brashi na kukifuta kifungu kwenye kitabu cha sheria.

Adui katika filamu hii ana kurasa na namba, na serikali ndiyo mwenye kitabu.

Wanja wa Veidt

Hapa nitatoka nje ya njia kidogo, maana watazamaji wa leo hujikwaa hapa. Wanamwona Veidt ana macho yaliyozungushiwa weusi na midomo myeusi, wanakata shauri kwamba amepakwa wanja ili aonekane "kama mwanamke".

Sivyo. Mkanda uliotumika miaka ile haukuuona wekundu. Chochote chekundu kilitoka cheusi, na buluu ilitoka nyeupe, kiasi kwamba mwigizaji mwenye macho ya buluu angeweza kuonekana hana mboni. Uso wa kawaida ulitoka na mabaka, kwa sababu damu iliyo chini ya ngozi ni nyekundu. Kwa hiyo wote walipakwa poda, wakachorwa macho na midomo: wapenzi, polisi, mahakimu. Tazama mtu mwingine yeyote katika tukio lile lile kabla hujahukumu wanja wa mmoja. Mkanda unaoona rangi zote ulienea studio katika nusu ya pili ya miaka ya 1920, na rangi za usoni zikapungua.

Kosa la pili ni kasi. Mita moja ya mkanda wa milimita 35 ina picha 52 na kidogo. Mita 1,000 zikizungushwa kwa picha 18 kwa sekunde huchukua dakika 48 hivi. Zikizungushwa kwa 24, kasi ya mashine za filamu za sauti, huisha kwa 36. Robo ya muda imepotea, na iliyoumia zaidi ni mikono. Körner anaweka mkono begani kwa Kurt na kuuacha pale. Kwa kasi mbaya mkono unagonga na kuruka, na mapenzi yote ya tukio lile yanageuka salamu. Ukipata nakala ambayo watu wanatembea kama kuku waliofukuzwa, itafute nyingine.

Wataalamu watatu

Mei 1920 bunge lilipitisha sheria mpya ya filamu. Bodi mbili, moja Berlin na nyingine München, zilipewa kazi ya kukagua kila mkanda, na bodi ya rufaa juu yake. Filamu iliweza kukataliwa ikihatarisha usalama wa umma, ikiumiza hisia za dini, ikifanya watu wawe wakatili au kuharibu maadili yao, au ikichafua jina la Ujerumani ng'ambo.

Kwa filamu ya Oswald waliitwa madaktari watatu kutoa maoni: Emil Kraepelin, Albert Moll na Siegfried Placzek. Wote walikuwa wapinzani wa Hirschfeld, kwa hiyo jibu lilijulikana kabla taa hazijazimwa. Hoja yao ilihusu mafundisho: filamu inaegemea upande mmoja dhidi ya Kifungu cha 175, na itawachanganya vijana. Ikabaki kuonyeshwa kwa madaktari na watafiti tu.

Nilipofika hapa ndipo nilipoanza kuelewa. Busu la Lubitsch halikudai chochote. Filamu ya Oswald ilikuwa inadai sheria ibadilishwe, na ilidai mbele ya watu waliokata tiketi, bila kupitia bungeni.

Chuki haikuishia kwenye karatasi. Fujo zilizuka kumbini, na matusi dhidi ya Oswald na Hirschfeld yalikuwa matusi dhidi ya Wayahudi. Oktoba 1920 Hirschfeld alipigwa vibaya mitaani München, hata magazeti yakatangaza kwamba amekufa. Alipata kusoma habari za kifo chake.

Mwaka 1927 aliingiza takriban dakika 40 za filamu ile ndani ya nyingine, *Gesetze der Liebe*. Ufupisho huo ndio uliotufikia. Toleo linaloonyeshwa leo limeunganishwa kutoka hapo, na mapengo yamezibwa kwa picha za mnato na vibao vya maandishi. Ukiona tukio linaruka ghafla, usimlaumu Oswald.

Wanaojua kunyamaza

Baada ya 1920, wenye akili walijifunza. *Michael* ya Carl Theodor Dreyer, ya mwaka 1924, inamhusu mchoraji mkubwa, Claude Zoret, na kijana anayekaa kwake kama mfano wa kuchorwa. Kijana anampenda mwanamke, anaiba na kuuza vitu vya mzee, na mzee anasamehe mpaka pumzi ya mwisho. Hakuna neno linalotajwa. Ni nyumba iliyojaa sanamu na mapazia mazito, na mzee anayetazama mlango. Mkaguzi angekata wapi? Angelazimika kukata macho ya mtu.

Kuna filamu moja inayonitia mashaka juu ya jibu langu. *Geschlecht in Fesseln* ya 1928, ambayo William Dieterle aliiongoza na kuigiza, inazungumza waziwazi kuhusu njaa ya kimwili gerezani, na mfungwa anaangukia mikononi mwa mfungwa mwenziwe. Nayo inadai mabadiliko, tena kwa sauti kubwa. Kwa nini ilipita? Nadhani ni kwa sababu inayatupia lawama magereza. Mwanamume ana mke nje, kuta ndizo zilizompotosha, zikirekebishwa, atapona. Körner hakupotoshwa na ukuta wowote. Hirschfeld alisema mtu huzaliwa hivyo, na hilo ndilo halikumezeka. Kwa hiyo nirekebishe kidogo: maelezo yaliruhusiwa, mradi yamfanye mtu kuwa mgonjwa wa mazingira.

Bweni la Potsdam

Wanawake walikuwa na nafasi nyingine, kwa sababu kifungu hakikuwagusa. Katika *Die Büchse der Pandora* ya G. W. Pabst, 1929, Bibi Geschwitz, anayeigizwa na Alice Roberts, anacheza dansi na Lulu siku ya harusi ya Lulu, kifua kwa kifua, huku bwana harusi akitazama. Louise Brooks, aliyekuwa Lulu, alisimulia baadaye kwamba Roberts alikataa kumtazama mwanamke mwenzake kwa mapenzi, basi Pabst akasimama nje ya picha ili macho yale yaelekezwe kwake. Ndiyo maana katika picha za karibu Geschwitz anaonekana anaungua peke yake.

Lakini filamu iliyokwenda mbali kuliko zote ni *Mädchen in Uniform* ya Leontine Sagan, iliyoonyeshwa Novemba 1931, kutokana na tamthilia ya Christa Winsloe. Sagan alikuwa ameishi Afrika Kusini utotoni na alirudi huko kufanya tamthilia baadaye. Inahusu shule ya bweni ya wasichana huko Potsdam, na waigizaji wote ni wanawake. Waliitengeneza kwa ushirika, kila mtu akisubiri fungu lake katika mapato.

Tukio la busu la usiku linafaa kutazamwa mara tatu. Taa zinapunguzwa. Wasichana wamepiga magoti miguuni mwa vitanda, kila mmoja na gauni lake la kulalia. Mwalimu, Fräulein von Bernburg, anapita kitanda baada ya kitanda na kumbusu kila mmoja kwenye paji la uso. Mwendo ni ule ule, hata mtazamaji anaanza kuhesabu. Akifika kwa Manuela, mgeni, msichana anamrukia shingoni. Mwalimu anaiachanisha mikono yake taratibu, kisha anambusu mdomoni.

Nguvu yote imetoka kwenye utaratibu uliotangulia. Bila yale mapaji ya uso, busu lingekuwa dogo.

Na hawa, "mama" na "mtoto", Dorothea Wieck na Hertha Thiele, walizaliwa mwaka mmoja, 1908. Umri wote unaouona umefumwa kwa nywele zilizobanwa, kola iliyofungwa na taa iliyowekwa juu au pembeni.

Baadaye mwalimu anampa Manuela shimizi yake, kwa kuwa za msichana zimechanika. Manuela anaigiza kama Don Carlos kwenye mchezo wa shule, amevaa suruali na upanga, anakunywa kileo, na bado yumo ndani ya mavazi hayo anapotangaza mbele ya wote kwamba anampenda mwalimu na amepewa shimizi. Rudi kwa Ossi: vazi la kiume lilimpa ruhusa ya kubusu bila kusema. Manuela analitumia kusema.

Mkuu wa shule amesikia. Msichana anatengwa. Kwenye tamthilia anakufa. Kwenye filamu wenzake wanamwokoa asijirushe kutoka ngazini, na mkuu wa shule anashuka ngazi zile akiwa amejikunja. Wengi wanaisoma kama filamu dhidi ya ukali wa Kiprusi, ile nidhamu ya kijeshi ya Ujerumani ya zamani, na ni kweli. Ila usomaji huo uliwasaidia pia wasiotaka kuona mapenzi yaliyomo. Mwalimu aliyesema "ninyi mnaita dhambi" hakuwa anazungumzia chakula kibovu cha bweni.

Bollek nyuma ya kamera

Tarehe 6 Mei 1933 taasisi ya Hirschfeld ilivamiwa, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa uwanjani Berlin. Desemba mwaka huo huo kumbi zilionyesha *Viktor und Viktoria*, kichekesho kuhusu mwanamke anayejifanya mwanamume anayejifanya mwanamke jukwaani. Mwongozaji alikuwa Reinhold Schünzel, yule yule Bollek wa 1919, ambaye mama yake alikuwa Myahudi.

Kichekesho kinachekesha kweli. Renate Müller anapelekwa kunyolewa ndevu asizokuwa nazo, anakunywa pombe kali, na bibi mmoja mrembo anamtamani. Lakini linganisha kitu kimoja na Lubitsch. Robert, mwanamume anayempenda, anaugundua ukweli mapema na kuanza kumchezea kwa kumtesa na vitu vya kiume. Anajua. Kersten hakujua. Katika miaka 15, lile tundu dogo ambalo busu lilipitia limezibwa, na makoti bado ni yale yale.

Schünzel aliondoka Ujerumani 1937. Veidt alikuwa ameondoka 1933 pamoja na mke wake Myahudi. Hollywood iliwapa wote wawili nafasi za Wanazi.

Kifungu cha 175 kilikazwa mwaka 1935, na Ujerumani Magharibi iliendelea nacho kama kilivyokazwa mpaka 1969. Kilifutwa kabisa 1994. Katikati ya muda huo, mwaka 1957, Veit Harlan, aliyewahi kuwatengenezea Wanazi filamu za chuki, alitoa *Anders als du und ich*, jina linalokaribia kabisa lile la Oswald, na namba ya kifungu ikiwa kwenye bango. Bodi ya tasnia ya filamu ililikataa toleo la kwanza kwa kuwapendelea mno wanaume wanaopenda wanaume, likabadilishwa mpaka likawa kali la kutosha. Toleo la kwanza lilionyeshwa Austria. Yote mawili yapo, na ukiwa na jioni mbili, anza na la Austria.